Mcheza Kwao Hutunzwa, na Mcheza Ugenini Je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tulifundishwa shuleni, tukaitungia insha, tukapewa alama zetu na habari ikaishia hapo. Hakuna aliyetuuliza swali la pili: na yule anayecheza kusiko kwao, je, yeye anatunzwa na nani? Na ngoma yenyewe, kwao ni wapi? Ni pale ilipozaliwa, au ni pale inapochezwa?

Swali hili limenikaa kichwani kwa sababu ya watu ambao hawana udugu wowote nami, nao ni Wahungaria wanaoishi ng'ambo. Nitaeleza.

Fikiria, ndugu msomaji, ukumbi wa kanisa katika jiji kama Cleveland, Marekani, au Toronto, Kanada. Ni Jumamosi jioni. Viti vimesukumwa ukutani. Pembeni wamesimama wapigaji watatu. Wa kwanza ana fidla, ndiye anayeongoza. Wa pili ana fidla nene ya nyuzi tatu, ambayo haishughuliki na wimbo. Kazi yake ni kushindilia mdundo tu. Wa tatu ana besi kubwa, refu kama mtu mzima. Kijana wa miaka kumi na tisa anaingia katikati. Amevaa buti za ngozi. Anaruka, anagonganisha visigino, anajipiga makofi mapajani, kwenye mashavu ya miguu, kwenye buti, kulia, kushoto, upesi upesi hata jicho linachelewa na sikio ndilo linalohesabu. Ngoma hii inaitwa legényes, yaani ngoma ya wavulana, na inatoka vijijini huko Transylvania. Akimaliza, wazee wanashangilia. Bibi mmoja anafuta machozi.

Sasa sikiliza. Kijana huyu kazaliwa Marekani. Baba yake naye kazaliwa Marekani. Transylvania hajafika. Kihungaria anajua cha mezani tu, cha kuomba chumvi na kumwamkia bibi. Jumatatu atavaa jinzi na kwenda chuoni kama Mmarekani mwingine yeyote. Je, kile alichokifanya pale katikati ni kweli au ni uongo?

Ili tujibu kwa haki, kwanza tujue watu hawa walifikaje huko. Wa mwanzo walifukuzwa na umaskini. Kuanzia miaka ya 1880 mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, wakulima wengi wa Hungaria walivuka bahari kwenda kufanya kazi kwenye migodi na viwanda vya chuma vya Marekani, na Cleveland ni mmoja wa miji walikojaa. Kisha kuna wale ambao hawakuhama kabisa, ila mpaka ndio uliohama. Tarehe 4 Juni 1920, kwa mkataba wa Trianon, Hungaria ilipoteza kama theluthi mbili za ardhi yake. Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta raia wa nchi nyingine na huku bado wamelala kwenye vitanda vyao vilevile. Transylvania ikawa sehemu ya Romania. Halafu ukaja mwaka 1956. Oktoba 23 watu wa Budapest waliinuka. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti vikaingia kuwazima. Watu kama 200,000 wakakimbia nchi, wengi wao kwa miguu kupitia mpaka wa Austria. Kanada peke yake ilipokea zaidi ya 37,000.

Wakimbizi hawakai hivi hivi. Chama cha skauti, kilichopigwa marufuku Hungaria mwaka 1948, kilifufuliwa na wakimbizi nje ya nchi, na watoto wakawa wanafundishwa lugha, nyimbo na ngoma siku za mapumziko ambapo wenzao wanacheza mpira. Toronto, kikundi cha ngoma kilichochukua jina la mtunzi wa muziki Zoltán Kodály kilianza mwaka 1960. Hivyo ndivyo yule kijana wetu alivyokuja kuvaa buti.

Rafiki yangu mmoja, mbishi kweli kweli, alicheka nilipomsimulia. "Hao wanaigiza, bwana," akasema. "Ngoma ni kazi. Kule kijijini kijana alicheza ili aonekane na wasichana, na baba zao wamwone, na mahasimu wake wanyamaze. Huyo wa Cleveland nani atamnyima mke kwa sababu kakosea hatua? Ametoa roho ya ngoma akabakiza viungo vyake. Afadhali angecheza disko, angalau disko ni lake."

Hoja ina nguvu, na mimi nilimwongezea nyingine ili isionekane ninamwogopa. Waliokimbia mwaka 1956 wengi walikuwa vijana, na wengi walitoka Budapest na miji mingine. Walikuwa wanafunzi, mafundi, wafanyakazi wa viwandani. Ngoma ya buti za Transylvania hawakuicheza kwao; pengine hawakuwahi hata kuiona. Kwa hiyo mara nyingi mjukuu anacheza ngoma ambayo babu yake hakuijua, na bibi anayelia pale ukumbini huenda analilia kitu ambacho hakuwa nacho. Hapo rafiki yangu alipiga meza: "Si unaona!"

Lakini tusikimbilie hukumu. Kama kutokuwepo kijijini ni kosa, basi kosa hilo walilitenda hata waliobaki Hungaria. Katika miaka ya hamsini ngoma za asili huko zilikuwa za jukwaani. Serikali iliunda kikundi kikubwa cha taifa mwaka 1951, wacheza dansi wa kulipwa, sare zinang'aa, mistari imenyooka kama gwaride. Watu walikaa kwenye viti wakapiga makofi, wakarudi nyumbani. Ngoma walitazama, hawakucheza.

Tarehe 6 Mei 1972 vijana wa vikundi vinne vya Budapest walifanya jambo dogo tu. Walikodi ukumbi, wakaondoa watazamaji, wakacheza wenyewe kwa wenyewe, fidla zikipigwa na Ferenc Sebő na Béla Halmos. Ngoma walizocheza zilitoka Szék, kijiji cha Transylvania, na hata jina la mkutano wao walilichukua huko: táncház, nyumba ya ngoma. Kule Szék vijana walikuwa na desturi ya kukodi nyumba ya mtu, wakawalipa wapigaji, wakacheza. Muda si mrefu milango ya nyumba za ngoma za Budapest ilifunguliwa kwa yeyote, awe hodari au awe na miguu miwili ya kushoto kama mimi.

Sasa tazama. Budapest ni jiji, Szék ni kijiji, tena kijiji cha nchi nyingine. Mtoto wa fundi wa Budapest alikuwa mgeni wa ngoma ile karibu sawa na mtoto wa Cleveland. Tofauti ni kwamba aliweza kupanda treni akaenda kuuliza. Nao walikwenda, ingawa haikuwa matembezi. Sheria ya Romania ya mwaka 1974 ilimkataza raia kumlaza mgeni wa kutoka nje nyumbani kwake isipokuwa ndugu wa karibu. Mzee aliyewafungulia mlango usiku, akawapa chakula na kuwaonyesha hatua moja mara ishirini, alijua kuwa akishikwa atatozwa faini. Alifungua hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa suala si damu wala ardhi. Kuna mtu aliyehatarisha kitu ili wewe ujue, na tangu siku hiyo unadaiwa.

Kuna jambo jingine walilolijua watu hawa, na kwetu sisi tunaotaka kuandika lina faida. Mtafiti György Martin na wenzake waliwapiga picha za sinema wachezaji wa vijijini, wakazichambua hatua moja moja. Wakaona kuwa mchezaji hodari hakariri ngoma nzima. Ana vipande vifupi vifupi, na kila mara anaviunganisha upya papo hapo, akiisikiliza fidla, kama sisi tunavyounganisha maneno tukizungumza. Mwalimu Sándor Tímár akafundisha kwa njia hiyo: usimpe mtu ngoma iliyokwisha, mpe maneno yake, halafu mwache aseme. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiweka njia hii ya táncház katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Basi hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa rafiki yangu. Anayekariri ngoma ya watu, hatua kwa hatua, ili aoneshe wageni siku ya sikukuu, huyo kweli anaigiza, hata kama kazaliwa palepale kijijini. Anayeijua kiasi cha kuweza kusema kitu chake kwa ngoma hiyo, na akikosea mwenzake akamsahihisha, na fidla ikimwita akaitika, huyo haigizi, hata kama kazaliwa Cleveland. Hakuna anayemwambia mtu anayezungumza lugha vizuri kuwa anaiga lugha.

"Lakini itakuwa imechanganyika," rafiki yangu akasema. "Wamarekani watatia vyao ndani. Haitakuwa safi."

Safi! Neno hili ndilo linalotuponza. Hebu tuiulize ngoma yenyewe. Csárdás, ngoma ya watu wawili wawili inayoanza polepole ikaishia mbio, imepata jina lake kutokana na csárda, yaani baa ya njiani. Katika karne ya 19 mabwana wakubwa waliichukua wakaifanya alama ya taifa. Verbunk ni ngoma ya wanaume inayosifiwa kama Uhungaria mtupu, lakini jina lake ni la Kijerumani, na maana yake ni kuandikisha askari. Jeshi la mfalme wa Austria lilituma wapigaji na wachezaji vijijini. Kijana akilewa muziki na pombe, alfajiri anaamka ni askari. Mtego wa serikali ya kigeni umekuwa urithi wa mababu. Sasa usafi uko wapi?

Aliyelijua jambo hili kuliko wote ni Béla Bartók. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na Kodály walizunguka vijijini na fonografu, wakinasa nyimbo za wakulima kwenye silinda za nta. Bartók hakuishia kwa Wahungaria. Alikusanya nyimbo za Waromania na za Waslovakia, mwaka 1913 akafika Biskra, Algeria, kunasa nyimbo za Waarabu, na mwaka 1936 akaenda Uturuki. Mwaka 1940, ufashisti ulipokuwa umeishika Ulaya, alihama kwenda New York. Huko, mwaka 1942, aliandika makala kuhusu usafi wa kabila katika muziki. Alisema kuwa nyimbo zilizovuka mipaka, zikaazimwa na kurudishwa zikiwa na sura mpya, ndizo zilizoutajirisha muziki wa wakulima wa Ulaya Mashariki. Zingefungiwa ndani zingekauka. Alikufa hukohuko New York mwaka 1945, na mabaki yake hayakurudishwa Budapest mpaka mwaka 1988. Kwa hiyo mkusanyaji mkuu wa ngoma hizi naye alimalizia maisha yake ugenini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika Kiswahili neno kutunza lina maana mbili. Kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Na kutunza ni kumtuza mchezaji, kumpa zawadi kwa sababu amekufurahisha. Methali yetu inasema maana ya pili, lakini mimi naona bila ya pili ya kwanza haipo. Wahungaria wa vijijini walijua hivyo bila Kiswahili. Wapigaji wao wengi walikuwa Waroma, watu ambao zamani wakiitwa Majipsi. Mroma alipiga katika harusi ya Mhungaria, kesho ya Mromania, keshokutwa ya Myahudi, na kila nyumba alilazimika kujua nyimbo za wenye nyumba, kwa sababu ndizo zilizomlipa. Mwenye karamu akifurahi alimchomekea noti kwenye fidla.

Mwaka 1944, wakati Transylvania ya kaskazini ilipokuwa tena chini ya Hungaria, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisombwa kwa treni kutoka nchi hiyo kati ya Mei na Julai, wengi wakapelekwa Auschwitz. Maafisa wa Hungaria walishiriki. Vijiji vikabaki, harusi za Kiyahudi zikakoma. Nyimbo zao nani angezikumbuka? Kikundi cha Muzsikás cha Budapest, kilichoanza mwaka 1973, kilipozitafuta kiliwaendea wazee wa Kiroma waliowahi kupiga katika harusi hizo kabla ya vita. Wazee hawa, ambao jamii yao nayo iliuawa katika vita hivyohivyo, walizitoa. Karibu miaka hamsini walikuwa nazo vidoleni. Albamu yenye jina la Máramaros ikatoka mwaka 1993.

Nilipojua habari hii nilinyamaza muda. Wenyewe hawapo. Waliozihifadhi si wa damu yao, si wa dini yao, wala si wa lugha yao. Walikuwa watu waliotuzwa ili wapige, na kwa kuwa walituzwa, wakatunza. Sasa mtu aniambie tena kuwa ngoma ni ya mwenye damu.

Lakini habari hii pia inamdai yule kijana wa Cleveland. Kama anataka kusema legényes ni yake, sawa, aichukue, lakini asichague sehemu tamu peke yake. Huwezi kurithi nyumba ukakataa madeni yake. Akiwasimulia watu kuwa hii ni ngoma ya mababu zake, awataje na Waroma waliompigia babu huyo fidla na mara nyingi wakalala nje ya kijiji. Awataje na majirani waliopotea. Asipofanya hivyo ndipo anapoanza uongo, na uongo huo hautokani na kuzaliwa Marekani. Aliyezaliwa Budapest anaweza kuusema vilevile.

Kuna hatari nyingine mbili, nisizifiche. Ya kwanza ni wazazi. Mzazi aliyepoteza nchi anaweza kumfanya mtoto kuwa kaburi la nchi hiyo: vaa hivi, imba hivi, usipocheza unamuua babu yako. Hapana. Huzuni ya mzazi ni ya mzazi. Mtoto anaweza kurithi fidla, lakini machozi asilazimishwe. Ngoma ambayo huna ruhusa ya kukaa chini isipokuchezesha ni gwaride tu. Ya pili ni serikali. Tangu mwaka 2013 serikali ya Hungaria imekuwa ikiwapeleka vijana kwa Wahungaria wa ng'ambo wakafundishe lugha na ngoma, kwa mpango wenye jina la msafiri Kőrösi Csoma Sándor. Jambo jema, mwalimu ni mwalimu. Lakini serikali yoyote inayotoa ngoma huweza kesho kudai mioyo ya wachezaji, na kura zao pia. Mchezaji ashukuru, na abaki na kichwa chake.

Na mimi haya yananihusu nini? Najaribu kuandika riwaya yangu ya kwanza. Inahusu kijiji alichokiacha bibi yangu kabla mama hajazaliwa. Mimi nimekulia mjini; jembe nimelishika shuleni tu, tena kama adhabu. Kila nikiandika ukurasa nasikia sauti ya rafiki yangu: unaigiza, bwana. Nilikuwa karibu kuitupa. Wahungaria wa ng'ambo wamenizuia. Sasa najua ni lipi la kujiuliza. Sijiulizi tena kama nina haki. Najiuliza kama nimekwenda kuuliza, kama nimekubali kusahihishwa, na kama nimewataja wote walionipa, hata wale ambao hawanisifu.

Nilimwambia rafiki yangu hivyo. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya, lakini yule bibi aliyelia ukumbini, alikuwa analilia nini, kama ngoma hakuwahi kuicheza?"

Sikumjibu siku ile. Leo naweza. Nadhani alilia kwa sababu alikimbia na mkoba mmoja, akaamini kila kitu kimebaki nyuma, na miaka mingi baadaye mtoto asiyeijua njia hata moja ya kwao akasimama mbele yake akamletea kitu ambacho hata yeye hakuwa amekibeba. Mwache alie. Naye, kwa namna yake, anamtunza mchezaji.